Kifafa: Daftari Lako Litamsaidia Mganga

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Si kulogwa, wala hakiambukizi. Povu la mgonjwa haliwezi kukupa kifafa. Tunaanza na hilo kwa sababu wapo walioungua mafigani na waliozama ziwani huku watu wakiogopa kuwagusa.

Mwaka 1960, huko Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norway aliwakuta wagonjwa wengi wa kifafa, wengine wana makovu ya moto. Akafungua kliniki, akawapa vidonge vya fenobabito, na wengi wakapata nafuu. Vidonge hivyo vinatumika hata leo.

Lakini mganga wa zahanati atajuaje kuwa ni kifafa? Mara nyingi mtu haanguki mbele yake, na mgonjwa mwenyewe hakumbuki kitu. Basi mganga hutegemea maneno ya aliyeona. Mtoto mdogo mwenye homa akishikwa na degedege, huenda ni malaria. Huyo apelekwe siku ile ile.

Tena si kila kifafa ni cha kuanguka. Mwingine hukodoa macho tu, maneno hukatika, halafu huendelea na kazi. Shuleni mtoto wa namna hii huchapwa bure, eti hasikilizi! Mwingine akizinduka huzubaa, hutukana, hutembea ovyo. Huyo hana kichaa. Mpeni muda, akili itarudi.

Na dawa nayo, tusifichane. Fenobabito huweza kuleta usingizi na kumfanya mtu awe mzito wa kufikiri. Watoto wengine huwa wakorofi. Hapo ndipo watu hutupa vidonge. Hatari! Ukiacha dawa ghafla, kifafa huweza kuja mfululizo hata kikaua. Rudi ukamweleze mganga, naye ataona kama apunguze au abadili dawa.

Mtu akianguka, mwondoe penye moto au maji, mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko mdomoni. Akitetemeka kupita dakika 5, mkimbizeni hospitali.

Sasa sisi tuliojifunza kuandika tuna kazi. Nunua daftari, liweke nyumbani kwa mgonjwa. Andika namna hii:

"Jumatatu, saa 2 asubuhi. Alikuwa anateka maji. Mkono wa kulia ulianza kutetemeka, akaanguka. Dakika 2. Alilala mpaka saa 4. Jana usiku alisahau kidonge. Ziwani haendi tena peke yake."