Jina Zuri na Kipimo Sahihi



Apitaye barabara kuu kutoka Mkata hata Segera, na kutoka Segera hata Korogwe, hakosi kuona jinsi maduka yetu yalivyovikwa rangi. Kibanda hiki ni chekundu, kile ni buluu, cha tatu ni kijani. Na ukutani limeandikwa jina la kampuni ya simu, au ya soda, kwa herufi kubwa kupita zile za jina la mwenye duka. Ukifika Chanika, mjini Handeni, utaona vivyo hivyo. Mara nyingi rangi hiyo hutolewa na kampuni yenyewe, wala haitolewi kwa kupenda uzuri wa miji yetu. Hutolewa ili jina likae machoni mwetu, hata siku tukiingia dukani tulitaje pasipo kufikiri. Leo basi tujifunze habari za majina hayo: yana kazi gani, yatufaa wapi, na ni wapi yatupasa kufumbua macho.

JINA NI AHADI

Zamani mnunuzi alimjua mtengenezaji. Chungu kilitoka kwa mfinyanzi wa kijiji, jembe kwa mhunzi. Chungu kikivuja siku ya kwanza, kilirudishwa kwa mwenyewe, naye aliona haya mbele ya majirani. Leo sabuni, chumvi na mafuta ya kupikia hutoka viwanda vya mbali. Sisi hatumjui aliyevitengeneza, wala yeye hatujui sisi. Mahali pa uso wa mtu pamewekwa jina.

Abiria anunuaye chupa ya maji dirishani mwa basi pale Korogwe hamjui kijana amwuziaye, na pengine hatamwona tena maishani. Hutazama jina lililo kwenye chupa, na kama kizibo hakijafunguliwa. Jina lile lamwambia kwamba alichokipata jana Tanga atakipata leo Korogwe. Hiyo ni ahadi yenye thamani, wala si haki kuidharau.

Lakini ahadi hupimwa kwa kutimizwa, si kwa kupakwa rangi. Jina laweza kubadilishwa kama vazi. Wenye simu wakumbuka jinsi Celtel ilivyoitwa Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010. Na mwaka 2024 Tigo ikaitwa Yas. Kila mara vibanda vilipakwa rangi upya, na wateja wakaendelea na namba zao zile zile. Kubadili jina si kosa. Ila mwenye busara hujiuliza: pamoja na rangi mpya, je, huduma nayo imekuwa bora?

TULIKOTOKA

Wazee wetu wajua kwamba haikuwa hivi siku zote. Mwaka 1976, katika Operesheni Maduka, biashara ya rejareja ilitakiwa kutoka mikononi mwa watu binafsi na kuingia katika maduka ya vijiji na ya ushirika. Miaka michache baadaye, tangu mwisho wa miaka ya sabini, nchi nzima ilipatwa na uhaba mkubwa. Watu walipanga foleni kutafuta sukari na sabuni, na aliyepata kipande hakuuliza kina jina gani. Mwaka 1984 Serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha za kigeni walizo nazo wenyewe, na rafu za maduka zikaanza kujaa tena. Toka hapo mambo yaligeuka: mnunuzi aliyekuwa akimbembeleza muuzaji, sasa hubembelezwa yeye.

Uhuru huo wa kuchagua ni jambo jema. Lakini achaguaye pasipo kujua, huchaguliwa na wengine. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi hata kizuri hutembezwa kwa gari lenye vipaza sauti, hivyo kelele pekee hazitoshi kutuonyesha kilicho chema. Yatupasa kupima, na vipimo ni vitatu.

KWANZA: UZITO

Mkulima wa mahindi wa Handeni na mkulima wa machungwa wa Korogwe wote waijua lumbesa. Gunia hushindiliwa, kisha juu yake huongezwa kilemba cha mazao na kushonewa kwa kamba, na mnunuzi hulipa bei ya gunia moja. Mkulima hulalamika, naye ana haki. Sheria ya Vipimo yataka mazao yauzwe kwa mizani, na gunia lisizidi kilo 100.

Lakini mtazame mkulima huyo huyo akiisha kupokea fedha zake. Huingia dukani, akanyosha kidole na kusema, "Nipe ile yenye picha ya mama." Hasomi gramu. Mwaka uliopita pakiti ile huenda ilikuwa na gramu zaidi, na picha na bei ni zile zile. Lumbesa humpunja mkulima kwa kuongeza. Pakiti humpunja kwa kupunguza. Na ikiwa uzito umeandikwa kwa kweli, hatuna wa kumshitaki, kwa maana tuliuziwa gramu zilizotajwa. Ni sisi tusiosoma.

Tena liko jambo la pakiti ndogo ndogo. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme pakiti ya sabuni ya unga ya gramu 50 yauzwa shilingi 300, na ile ya gramu 500 shilingi 2,500. Anunuaye kubwa hulipa shilingi 5,000 kwa kilo. Anunuaye ndogo hulipa shilingi 6,000. Mwenye kipato kidogo ndiye alipaye bei kubwa! Tusimcheke mama huyo na kumwita mjinga. Apataye fedha kwa siku hununua kwa siku, na kampuni zalijua hilo. Ila kina mama wawili au watatu majirani waweza kuchanga, wakanunua pakiti kubwa na kugawana kwa kipimo. Haba na haba hujaza kibaba. Na bandu bandu, jamani, huisha gogo.

PILI: MANENO

Tangazo la redioni husema kwa sauti tamu na ya taratibu, kisha mwishoni mtu mwingine akakimbiza maneno: "Vigezo na masharti kuzingatiwa." Msikilize huyo wa mwisho, maana yeye ndiye azungumzaye habari za fedha yako. Neno "hadi" katika "punguzo hadi nusu bei" maana yake ni kwamba kitu kimoja chaweza kupunguzwa nusu, na vingine kidogo tu. Neno "kuanzia" lina maana kwamba bei utakayolipa yaweza kuwa kubwa zaidi. Kifurushi cha simu kina kiasi, na kina muda. Atazamaye kiasi na kuusahau muda hukuta siku ya nane hana kitu, ingawa hakukitumia chote.

Wako na matapeli wavaao majina ya kampuni. Hupeleka ujumbe kwamba umeshinda zawadi, au kwamba fedha imetumwa kwako kwa makosa, uirudishe. Ujumbe wa namna hiyo usijibiwe. Mamlaka ya Mawasiliano imetoa namba 15040 ya kupelekea taarifa za ujumbe wa utapeli.

TATU: MALALAMIKO

Kipimo cha tatu ndicho kikubwa kupita vyote. Kila muuzaji hutabasamu siku ya kuuza. Mjue siku unaporudi na pasi isiyopata moto, au kiatu kilichoachia soli kwa juma moja. Je, mkulima aliyetoka shamba na udongo miguuni husikilizwa sawasawa na afisa mwenye viatu vinavyong'aa? Au huonyeshwa kibao kisemacho, "Mali ikishauzwa hairudishwi"?

Kibao hakiwezi kuifuta sheria ya nchi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 yakataza kumdanganya mnunuzi juu ya ubora, bei au asili ya bidhaa, nayo yamlinda apewaye kitu kisichofaa kwa kazi yake. Tume ya Ushindani ndiyo iliyokabidhiwa sheria hiyo. Habari za mizani na ujazo ni za Wakala wa Vipimo. Habari za ubora ni za Shirika la Viwango. Lakini alalamikaye hana budi kuwa na shahidi, na shahidi wake ni risiti. Daima iombwe, hata kama muuzaji ni jamaa. Kuomba risiti si kumtukana mtu.

Tena tusidhani kwamba jambo hili ni la wasomi wa mijini. Tarehe 15 Machi 1962, Rais John Kennedy wa Marekani aliliandikia Bunge la nchi yake kuhusu haki nne za mnunuzi: kuwa salama, kupewa habari za kweli, kuchagua, na kusikilizwa. Kwa ajili hiyo tarehe 15 Machi huadhimishwa kila mwaka kuwa siku ya haki za watumiaji duniani. Haki hizo nne zamhusu anunuaye gari, zamhusu na anunuaye kiberiti.

NENO KWA WENYE MADUKA

Ndugu zetu wenye maduka nao wasikie. Kampuni yaweza kuja leo na rangi nyekundu, kesho ikaja nyingine na buluu. Abiria wa basi hupita na kwenda zake. Lakini jirani wa Kabuku au Mombo atarudi kesho, na keshokutwa, na mtoto wake baada yake. Yeye hafuati rangi ya ukuta. Afuata mizani isiyobanwa kwa kidole, chenji iliyo kamili, na mtu akubaliye kusema, "Kweli, hiki ni kibovu, chukua kingine." Jina la namna hiyo halipakwi kwa brashi.

Na sisi wanunuzi, kesho tukiingia dukani, tuanze na jambo moja dogo. Kabla ya kutoa fedha, tuigeuze pakiti upande wa nyuma, tusome uzito na tarehe ya mwisho wa matumizi. Asiyejua kusoma amwombe mtoto wake wa shule amsomee kwa sauti, pale pale mbele ya muuzaji. Muuzaji mwaminifu hatachukia.