Familia inapolala ufukweni: bamvua, maji na samaki aliyekaa juani

Familia nyingi za Kiislamu sasa hazitosheki kwenda ufukweni asubuhi na kurudi magharibi. Hubeba mahema, mikeka, masufuria na watoto, wakalala usiku mmoja au miwili Kigamboni, Bagamoyo au Pangani. Ni jambo jema, kwani kuwafurahisha mke na watoto kwa njia ya halali ni katika wema. Wengi hutoka sikukuu ya Idd, basi tuanze na tarehe yenyewe.

Bahari nayo hufuata mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huwa ya bamvua: hujaa sana na kupwa sana, na tofauti yake katika mwambao wetu hukaribia mita 4. Idd el Fitr ni mwezi mosi Shawwal, kwa hiyo kila mwaka huangukia kwenye bamvua. Idd el Hajj, mwezi kumi Dhul-Hijja, huwa karibu na maji mafu, na bahari haisogei sana. Wavuvi wanalijua hili tangu utotoni. Sisi wa mjini ndio tunaosahau.

Siku za bamvua, pande za Dar es Salaam na Zanzibar, maji hujaa takriban saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa mnamo saa 4. Anayefika saa 4 asubuhi huikuta bahari iko mbali, akafunga hema kwenye mchanga mzuri ulio tambarare. Atafute kwanza mstari wa mwani na takataka ulioachwa na maji, kisha ajenge juu yake kwa hatua nyingi. Na wale wanaowapeleka watoto mwambani kuokota makombe wakati maji yamekupwa, warudi mapema. Maji yakianza kujaa hupita kwanza kwenye mifereji iliyo nyuma yenu, na mtoto hukatiwa njia kabla hajaona hatari yoyote mbele yake.

Watoto wakiwa majini, mtu mzima mmoja akae kuwatazama bila simu wala mazungumzo, kisha apokewe na mwingine. Wakiachiwa "watu wote", hawana mlinzi. Dada zetu nao, baibui likilowa huwa zito na huvuta chini. Kuna mavazi ya kuogelea yenye stara na mepesi.

Sasa maji ya matumizi. Nimewaona watu wakitayamamu ufukweni eti wanabana maji ya dumu, na bahari iko mbele yao! Mtume (s.a.w.) aliulizwa kuhusu maji ya bahari, akabainisha kuwa yanatwaharisha. Tieni udhu baharini, maji baridi yabaki kwa kunywa, kupika na kunawa mikono kwa sabuni baada ya istinjaa, maana sabuni ya kawaida haitoi povu vizuri katika maji ya chumvi. Maji ya kisima cha ufukweni yachemsheni mpaka yatokote, hata yakionekana safi.

Kama kambi haina choo, chimbeni shimo mbali na kisima na juu ya mstari wa bamvua, na mfukie. Mtume (s.a.w.) alitukataza kujisaidia penye maji, njiani na kivulini. Kivuli kina jambo lake kitabibu: mchanga wenye unyevu chini ya miti ndipo viluwiluwi vya minyoo ya safura hustawi, vikaingia kwa kupenya ngozi ya mguu. Vile vya mbwa na paka hutambaa chini ya ngozi na kuacha mistari inayowasha mno. Watoto wavae ndala, na mkalie mkeka.

Samaki je? Jodari na vibua vikikaa juani, vijidudu hutengeneza ndani ya nyama sumu isiyoondoka kwa kukaanga wala kuchemsha. Mlaji huwashwa, uso huwa mwekundu na kichwa humgonga, naye hudhani ana mzio wa samaki. Nunueni samaki aliyewekwa kwenye barafu au aliyetoka majini sasa hivi. Pilau la jana usiku lililolala kwenye sufuria msiwape watoto kwa kifungua kinywa. Mtoto akiharisha, chukua lita 1 ya maji salama, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufuta, umnyweshe kidogo kidogo. Akiwa mlegevu, macho yameingia ndani au hakojoi, mpelekeni kituo cha afya usiku huo huo.

Aliyechomwa na taa atumbukize mguu katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, maumivu yapungue, kisha aende hospitali.

Usiku laleni ndani ya chandarua. Jiko la mkaa lisiingie hemani, hata kama mvua inanyesha na hata kama makaa yanaonekana kuzimika. Hewa yake ya sumu haina harufu. Aliye macho huumwa kichwa na kichefuchefu akatoka nje, aliyelala haamki.