Diski Moja Ikifa, Rekodi za Biashara Zibaki

Mvua ya Maseno huja na radi, na stima hupotea kisha ikarudi kwa kishindo. Mwenye duka la dawa, shule ya kibinafsi au sacco anayeweka rekodi kwenye seva ana sababu ya kujiuliza: diski ikifa usiku huu, asubuhi nitafungua mlango nikiwa na nini? Madeni ya wateja ni sehemu tu ya hasara. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inamtaka mfanyabiashara ahifadhi rekodi zake kwa miaka 5.

Kinga ya kwanza ni kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja. Mpango huu huitwa RAID, jina lililoenezwa na makala ya mwaka 1988 ya David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley.

Fundi atakuuliza unataka RAID ya aina gani. Usimwambie "yoyote". RAID 0 hugawanya data kati ya diski. Ina kasi sana, lakini diski moja ikifa zote zimekwisha. Kwa rekodi za biashara, ikatae.

RAID 1 huandika kitu kile kile kwenye diski mbili. Ukinunua mbili za terabaiti 2, utapata nafasi ya terabaiti 2 tu, lakini moja ikifa kazi inaendelea. Kwa duka dogo, hii inatosha, na sioni haja ya kulipia zaidi.

RAID 5 huanzia diski tatu na ni ya ujanja zaidi. Fikiria diski moja ina 7, nyingine 5, na ya tatu imehifadhi jumla, 12. Ile ya 7 ikipotea, 12 ukitoa 5 itakurudishia. Hesabu ya seva si hiyo hasa, ila wazo ni hilo. Diski tatu za terabaiti 2 hukupa nafasi ya 4. Gharama yake ni kasi: kila badiliko dogo huilazimu seva isome mara mbili na kuandika mara mbili. Tena, diski mpya ikijazwa upya kwa saa nyingi, nyingine ikifa kabla haijamaliza, umepoteza yote. RAID 6 huvumilia vifo viwili, kwa diski nne au zaidi.

Sacco yenye makarani wengi wanaoingiza malipo kwa wakati mmoja itafaidika na RAID 10: jozi za diski pacha, data ikigawanywa kati ya jozi hizo. Diski nne za terabaiti 2 hutoa 4, na uandishi hauzoroti.

Weka UPS. Mwambie fundi awashe arifa za diski kufa, maana wengi hugundua ya kwanza ilikufa zamani siku ya pili inapofuata.

Lakini karani akifuta faili kimakosa, RAID hufuta kote papo hapo. Moto au mwizi huchukua seva nzima. Kwa hiyo nakili rekodi kila jioni kwenye diski ya nje, uichomoe, uiweke jengo jingine. Ikiwa ina taarifa za wagonjwa au wanachama, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka uzilinde, hivyo isisomeke bila nywila. Mara moja kwa mwezi, jaribu kurudisha faili moja kutoka humo uone kama inafunguka.