Kununua Nyumba ya Kwanza: Mambo Yatupasayo Kuangalia

Wengi wametujia wakilia kwa ajili ya nyumba walizozinunua, wala si watu wapumbavu. Wamo waalimu, wauguzi na mafundi waliojinyima miaka mingi hata wakapata fedha. Kuweka akiba waliweka kwa saburi, lakini kununua walinunua kwa haraka. Sisi nasi tumekosa katika jambo hili hili, kwa hiyo twaandika.

Kwanza ijulikane ni kitu gani kinachouzwa. Katika Tanzania ardhi yote ni ya umma, nayo imewekwa mkononi mwa Rais awe mdhamini wake. Ndivyo isemavyo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Basi anunuaye hanunui udongo, bali hununua haki ya kuutumia pamoja na nyumba iliyo juu yake. Haki hiyo yaweza kuwa ya hati ya miaka 33, 66 au 99. Yaweza kuwa leseni ya makazi, ambayo ni ya muda mfupi. Au kijijini ni haki ya kimila, na huko hamna budi kufika mbele ya halmashauri ya kijiji. Mtu akikuambia, "Ninayo hati," mwulize, ni hati gani? Karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa yashuhudia tu kwamba watu wawili wamepatana. Si hatimiliki. Lakini wengi huifungia sandukuni wakidhani kazi imekwisha.

Kama nyumba ina hatimiliki, nenda kwa Msajili wa Hati ukaombe upekuzi kabla hujatoa hata senti moja. Huko utaonyeshwa jina la mwenye haki, na kama nyumba imewekwa rehani, na kama yuko mtu aliyeweka zuio. Usitosheke na nakala aliyo nayo muuzaji, maana nakala haijui yaliyotokea baada yake. Uulize pia kama kodi ya pango la ardhi imelipwa.

Lakini neno tutakalo kulikazia ni habari za watu wa nyumbani mwa muuzaji. Miaka kadhaa iliyopita tulinunua nyumba ndogo ya vyumba viwili kwa mtu mpole tuliyemjua kwa salamu. Tulimwuliza habari za mipaka, za maji na za bati. Mke wake hatukumwuliza neno. Alituletea chai, akaondoka, nasi tukaona ni adabu. Baada ya miezi mitatu alikuja pamoja na kaka yake, akasema, "Mimi sikukubali. Watoto wangu watalala wapi?" Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa pasipo idhini ya mwenzake. Mama yule alikuwa na haki. Sisi tulikuwa na karatasi. Tukairudisha nyumba. Fedha zetu zilirudi kidogo kidogo, na nyingine hazijarudi hata leo. Hata hivyo, uchungu wa fedha si kitu mbele ya uchungu wa kuikumbuka ile chai.

Tangu siku ile twawaambia vijana: mke wa muuzaji na aketi pamoja nanyi, aulizwe mbele ya mashahidi, naye atie sahihi yake. Tena kama nyumba ni ya urithi, mwombeni muuzaji barua ya mahakama ya kusimamia mirathi, mkaonane na ndugu zake wote, hata yule akaaye mbali. Kwa Wachaga kihamba chaweza kuwa na makaburi ya babu zao. Huyo auzaye peke yake usiku, mwogopeni.

Jambo la mahali laonekana jepesi, na limewaangamiza wengi. Kiwanja cha bondeni huwa rahisi wakati wa kiangazi. Mwezi wa Desemba 2011 mafuriko yaliua watu Dar es Salaam, na wengi wa bonde la Msimbazi walihamishiwa Mabwepande. Mwisho wa mwaka 2015 nyumba zilizosalia bondeni zikaanza kubomolewa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kujenga ndani ya mita 60 za ukingo wa mto, na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 huhifadhi mita 30 kila upande toka katikati ya barabara kuu. Basi itazameni nyumba wakati wa masika, mwangalie alama ya maji ukutani, mwaulize majirani. Dalali hatawaambieni.

Wako wasemao, "Sisi ni ndugu katika usharika, karatasi za nini?" Yeremia alinunua shamba la Anathothi kwa mtoto wa ami yake, naye alizipima zile shekeli 17 mbele ya mashahidi, hati ikatiwa muhuri, ya pili ikaachwa wazi, zote zikahifadhiwa katika chombo cha udongo (Yer. 32).

Tena msimalize fedha zote katika bei, maana ziko gharama za wakili, za kodi na za kuhamisha jina. Asiyebakiza kitu kwa kazi hiyo huiacha mwaka huu, huiacha na mwaka ujao, na siku muuzaji afapo, jina katika daftari la Msajili lingali la marehemu.