Kupima Afya ya Kijito: Mwongozo kwa Watumishi wa Vijiji vya Mbulu na Hanang

Mwongozo huu umeandikwa kwa maofisa ugani, viongozi wa jumuiya za watumia maji, watendaji wa vijiji na walimu wanaotakiwa kutoa taarifa ya kijito cha eneo lao. Kazi hii inafanyika bila maabara. Beba gambuti, beseni jeupe, chupa ya plastiki isiyo na rangi, futi kamba, saa, daftari, na kipande cha wavu wenye matundu ya milimita 1 hivi kilichoshonewa kwenye duara la waya na kufungwa kwenye mpini.

Usianze kwa kuangalia weupe wa maji. Kijito cheupe kabisa huweza kuwa hakina kiumbe, na chenye rangi ya chai, kwa sababu ya majani ya msituni, kikawa kizima.

Chagua vituo 2 au zaidi katika kijito kimoja. Kituo cha juu kiwe pale maji yanapotoka msituni, kwa mfano ukingoni mwa Msitu wa Nou. Hicho ndicho mizani yako. Cha chini kiwe baada ya mashamba, banio, josho au makazi. Kijito cha milima ya Mbulu kisilinganishwe na cha miteremko ya Hanang: kule ni miamba ya kale, huku ni udongo wa volkano, na maji yake hayafanani hata pasipo na mkulima.

Pima mara 2 kwa mwaka, mvua zinapokwisha na tena mwishoni mwa kiangazi. Mvua kubwa ikinyesha, subiri siku 10. Aendaye kesho yake atapima mafuriko, siyo kijito.

Kabla ya kuingia majini, tembea mita 100 kando ya ukingo. Andika mimea iliyopo, sehemu zilizobomoka, njia za ng'ombe na mashine za kumwagilia. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia ndani ya mita 60 za ukingo shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ya mto. Pale Bashay, ambako kitunguu saumu ndicho ada ya shule, mita 60 huweza kuwa shamba zima la mtu. Hata hivyo pima kwa kamba na uandike ulichokikuta. Kazi yako ni kupima, na suluhu itatafutwa kwenye mkutano wa kijiji. Waulize wazee pia chemchemi ilianzia wapi zamani. Kwa Wairaqw chemchemi nyingi zilihesabiwa makazi ya mizimu na miti yake haikuguswa, kwa hiyo mzee hukumbuka vizuri ni lini iliguswa.

Kwa wingi wa maji, chagua sehemu iliyonyooka ya mita 10, uachie kijiti kielee na uhesabu sekunde, mara 3. Mfano: upana mita 1.2, kina cha wastani mita 0.15, kijiti sekunde 25. Mwendo ni mita 0.4 kwa sekunde. Zidisha upana, kina na mwendo, kisha zidisha kwa 0.8, maana maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Utapata mita za ujazo, ambazo ni sawa na lita 58 hivi kwa sekunde.

Sasa vidudu, na hapa usiharakishe. Anza kituo cha chini ndipo upande, ili tope unalotibua lisikutangulie. Mmoja ashike wavu upande yanakoelekea maji. Mwingine asugue mawe kwa mikono na kutibua changarawe kwa mguu, dakika 2. Mimina kwenye beseni lenye maji ya kina cha vidole 2, kisha tulia. Mwanzoni utaona majani na mchanga tu. Baada ya muda kipande cha mchanga kitaanza kutembea: ni buu aliyejijengea nyumba ya chembe za mchanga. Utaona pia vidudu bapa vyenye mikia 2 au 3, na matamvua yanayotetemeka ubavuni. Hao wanahitaji oksijeni nyingi na mawe yasiyozibwa na tope. Ukiwapata aina kadhaa, kijito kinapumua.

Kaa na mabuu ya kereng'ende huvumilia kiasi. Lakini ukikuta ruba, vibuu vyekundu kama uzi na buu mwenye mkia mrefu kama wa panya tu, na wengine wote hawapo, kuna samadi au maji taka yanayoingia. Na mawe safi, maji meupe, beseni tupu? Shuku dawa. Uliza bomba za kupulizia huoshewa wapi.

Anayetaka alama kamili atumie TARISS, mfumo wa kupima mito ya Tanzania uliochapishwa mwaka 2015 na kujengwa juu ya ule wa Afrika Kusini. Kila familia ya vidudu ina alama yake ya unyeti. Jumla hugawanywa kwa idadi ya familia zilizopatikana. Wastani huo hauyumbishwi sana na bidii ya mwenye wavu.

Vijito vinavyoshuka kuelekea Katesh, Gendabi na Jorodom vina hali ya pekee. Maporomoko ya tarehe 3 Desemba 2023 yalishusha tope, magogo na mawe kutoka Mlima Hanang na kuua watu zaidi ya 80. Mkondo uliochimbwa upya namna hiyo usiupe alama mbaya kana kwamba kuna mchafuzi. Andika tu ni vidudu gani vimerudi tangu kipimo kilichopita.

Ukimaliza, rudisha viumbe majini. Nakala ya taarifa ibaki ofisi ya kijiji na nyingine iende Bodi ya Maji ya Bonde la Kati. Wanakijiji watakuuliza kama maji hayo yananyweka. Usijibu kwa kutumia beseni. Floridi ya miamba ya volkano, ile inayotia meno rangi ya kahawia, haiwasumbui vidudu kwa namna utakayoiona, na vijidudu vya kuharisha havionekani kwa macho. Jaza chupa ya sampuli, ipelekwe maabara ya maji.