Michezo ya Watoto Wadogo Siku ya Sikukuu

Tarehe 28 Desemba Kanisa linawakumbuka Watoto Mashahidi wa Betlehemu, waliouawa kwa amri ya mfalme Herode. Siku hiyo, mwaka 2018, watoto wa ua mmoja mjini Bunia walifanyiwa karamu. Wamama walipika wali na sombe. Msichana wa darasa la sita alipewa kazi ya kuwachezesha wadogo, wenye miaka mitatu mpaka mitano. Wote walimwita yaya, maana ndiye mkubwa wao.

Kwanza alipanga viti vitano kwa watoto sita. Ngoma ikalia, watoto wakavizunguka viti. Ngoma iliponyamaza, kila mmoja alikimbilia kiti. Aliyekosa akatolewa, akalia sana. Kiti kimoja kikaondolewa. Wa pili akatolewa, naye akalia.

Mama akamwita binti yake kando. “Mwanangu, mtu mkubwa akishindwa hucheka, kwa kuwa anajua atacheza tena. Mtoto wa miaka mitatu anaona amefukuzwa tu. Ondoa kiti, usiondoe mtoto. Anayekosa kiti apakatwe na mwenzake.”

Wakaanza tena. Mwishoni watoto sita walibanana juu ya viti viwili, wakicheka.

Lakini mtoto mmoja alikaa mlangoni kimya. Wazazi wake walikuwa wamekimbia mauaji ya Djugu mapema mwaka ule. Katika ua huu walikuwa wamefika juzi tu. Hakuna mtoto aliyejua jina lake.

Yaya akatwaa kikwembe. Mchezo wake ni huu: watoto wote wanafumba macho, mmoja anafunikwa kikwembe. Kisha wanafumbua macho na kutazamana, wapate kusema ni nani asiyeonekana. Wakimtaja, anafunuliwa na kupigiwa makofi.

Yaya aliona kwamba mchezo huu hauwezekani pasipo kujua majina. Akamwendea mama wa yule mgeni, akauliza jina la mtoto. Watoto wote wakalisema mara tatu. Kisha wakafumba macho, na mgeni akafunikwa.

“Nani hayupo?” yaya akauliza.

Wote wakaliita jina lake kwa sauti kubwa. Kikwembe kikafunuliwa. Yule mtoto alikuwa anacheka.

Basi, anayewachezesha wadogo akumbuke haya:

1. Mchezo uwe mfupi, na kanuni zake chache.
2. Asitolewe mtoto yeyote.
3. Wasipewe maharagwe wala mawe madogo, maana huyatia mdomoni na puani.
4. Mgeni aulizwe jina lake kwanza.

Bwana Yesu naye, alipokuwa mtoto, alikimbizwa mpaka Misri kwa ajili ya Herode huyohuyo. Tena nabii Zakaria alieleza jinsi Yerusalemu utakavyokuwa Mungu akiurudishia amani: wazee watakaa njiani na fimbo zao, na wavulana na wasichana watacheza katika viwanja vya mji. Mahali watoto wanapocheza pamoja, amani imeanza kuingia.

Maswali

1. Kwa nini watoto walilia katika mchezo wa kwanza?
2. Mama alibadilisha nini katika mchezo ule?
3. Kwa nini yaya aliuliza jina la mgeni?
4. Je, unajua majina ya watoto wote wa jirani zako?