Pedi Nne za Kinanda: Tuzitumie kwa Akili

Mara nyingi kinanda kinapiga mdundo uleule toka ubeti wa kwanza mpaka mwisho, na watu wanachoka. Vinanda kama Yamaha PSR-S970 vina pedi nne. Ukigusa moja, inatoa kipande cha muziki kilichowekwa ndani. Tufanye hivi:

1. Kwenye ubeti tutumie pedi moja tu. Kiitikio kikifika, tuongeze ya pili.
2. Kipande chenye tuni tukipange kifuate mkono wa kushoto, la sivyo kitagongana na waimbaji.
3. Kuna vipande vinavyojirudia bila kukoma. Basi tukijue kibonye cha kusimamisha kabla ya kuanza.
4. Turekodi vyetu. Hata ngoma ya mwazindika ya hapa Taita inaweza kuingia kwenye pedi.

Lakini pedi haijui kumngoja mzee anayevuta wimbo polepole. Mpiga ngoma anajua. Akiwepo mpiga kayamba, pedi ya kayamba tuiache, yeye apige. Stima ikipotea Wundanyi, ndiye atakayetubakia.

Swali la kujadiliana: Katika kwaya yetu, ni nani aliyeacha kupiga ngoma tangu kinanda kije? Tumrudishe vipi?